Mahali Maji Yanapopita

Horrie Pascall alikuwa mtu wa mlango wa mbele. Huko Kilbride, kama Brisbane yote, watu hupita nyuma: unazunguka nyumba, unapanda ngazi za jikoni, unaita jina la mwenyeji ukiwa tayari umeshaingia na mkono wako uko ndani ya kopo la biskuti. Mlango wa mbele ulikuwa wa kasisi, wa daktari, na wa Horrie. Alikuwa katibu wa klabu ya raga ya Kilbride, mwaka wa ishirini na mbili huo, na kwa maoni yake katibu hawezi kufika mahali kwa kujipenyeza katikati ya mashuka yaliyoanikwa.

Kila Jumanne, akitoka kazini kwake stesheni ya mizigo, alikwenda kwa Ivy Lutze kuchukua jezi zilizofuliwa. Ivy alikuwa mjane wa fowadi wa zamani wa Kilbride. Alifua jezi kumi na tatu na za akiba bila kuombwa wala kushukuriwa vya kutosha, na barazani nyuma ya nyumba yake alimpa malazi beki wa mwisho wa timu, Kel Trewin, kijana wa miaka ishirini na mbili kutoka Cunnamulla aliyekuwa mkata manyoya ya kondoo kabla miguu yake haijajulikana. Mafuta ya sufu yalikuwa yamemlainisha viganja. Mpira uliopigwa juu mpaka ukapotea kwenye jua ulikuwa ukishuka na kutulia mikononi mwake kama paka aliyerudi nyumbani.

Jumanne ile ya Septemba 1954, siku nne kabla ya fainali, Horrie alifika na kofia yake na tai yake akakuta ngazi za mbele zimepakwa rangi za timu, moja nyekundu, moja nyeupe, mpaka juu. Kwenye ngazi ya kwanza kulikuwa na karatasi iliyowekewa jiwe: RANGI MBICHI. PITA NYUMA KAMA BINADAMU.

Horrie alisimama kidogo, akitafuta njia nyingine. Haikuwepo. Akazunguka.

Nyuma ya nyumba ya Ivy, tangu Horrie azaliwe, palipita kijito cha Duffy, na kijito hicho ndicho kilichokuwa mpaka: upande huu Kilbride, upande ule Stannard. Horrie alijifunza kuogelea mle. Basi alipopita nguo zilizoanikwa, akiwa ameinama na kushika kofia, aliinua macho kukitazama, akaona maboga. Kijito hakikuwepo. Kulikuwa na shimo refu, pana, lenye nyasi pembeni, na katikati yake, pale ambapo maji yangekuwa yanamfika mtu kiunoni, mimea ya maboga ilikuwa imetambaa kwa raha zake, na kuku wanne wakichakura.

"Ivy," akaita. "Ivy. Kijito kiko wapi?"

Ivy alitoka jikoni akijifuta unga mikononi. "Ala, kumbe unajua njia ya huku. Kijito gani?"

"Kijito cha Duffy, mama. Kilikuwa hapa."

"Kiko chini ya barabara tangu Januari. Halmashauri walikikata kule juu, wakakitia kwenye bomba la zege, wakafukia na kumwaga lami. Umekuwa ukikikanyaga kila Jumanne unapokuja kunigongea mlango kama mkusanya kodi."

Januari Horrie alikuwa kwa dada yake Toowoomba. Aliporudi akaona lami mpya, akafurahi. Alifurahi hata akawaandikia halmashauri barua ya kuwashukuru kwa kuziba mashimo. Sasa alikaa kwenye ngazi ya jikoni bila kualikwa, jambo ambalo Ivy hakuwahi kuliona, na uso wake ukawa mweupe kuliko jezi za akiba.

"Umepatwa na nini?" Ivy aliuliza. "Nikuletee maji?"

"Barabara iko mbele ya nyumba yako," Horrie alisema. "Kijito kiko chini ya barabara. Basi nyumba yako iko ng'ambo, Ivy. Uko Stannard. Kel analala Stannard."

Wakati ule ligi ya jiji ilikuwa na sheria moja iliyozipita zote: unachezea pale unapolala. Kila mchezaji aliandikisha nyumba yake mwezi Machi, na nyumba hiyo ndiyo hiyo mpaka msimu uishe, hakuna kuhamahama. Na kila siku ya mechi, katibu alitia sahihi kwenye karatasi ya timu kuapa kwamba nyumba zote kumi na tatu zimo ndani ya mpaka. Mechi za nyuma zilikuwa zimeshapita na siku mbili za kulalamika zimekwisha, hizo hakuna wa kuzigusa. Ilibaki hii ya Jumamosi, fainali, Kilbride dhidi ya Stannard wenyewe, ya kwanza kwa Kilbride tangu mwaka 1934.

"Mpaka ni ule wa kwenye ramani," Ivy alisema. "Ramani yako mwenyewe, ile uliyoibandika klabuni. Kijito kimo humo, kimepita nyuma ya nyumba yangu, kimekaa kimya."

"Kitabu hakisemi ramani. Kinasema mpaka ni katikati ya kijito, mahali maji yanapopita siku ya mechi."

"Nani aliandika upuuzi huo?"

Horrie aliitazama kofia yake. Ivy akakumbuka, akashusha mikono yake, akakaa kando yake kwenye ngazi.

Aliandika Horrie. Februari 1934 mvua ilinyesha siku tisa, kijito kikaruka kingo zake na kuchimba njia mpya, na nyumba ya mama yake Wal Ferrier, ambayo siku zote ilikuwa Stannard, ikajikuta upande wa Kilbride. Wal alilala kwa mama yake. Wal alikuwa beki wa mwisho wa Stannard, na waliomwona wanasema hakuna aliyemfikia baada yake, ingawa watu husema hivyo juu ya kila mtu aliyeacha mapema. Msimu mzima hakuna aliyetoa neno. Alhamisi kabla ya fainali, Horrie, kijana wa miaka ishirini na tisa mwenye ukatibu mpya na moto kichwani, alisimama mbele ya kamati ya ligi na kusema kijito si mstari wa penseli, kijito ni mahali maji yanapopita. Wakamwambia aandike maneno hayo kitabuni, akayaandika kwa mkono mzuri. Jumamosi Wal alitazama fainali akiwa nje ya kamba, amevaa koti. Nafasi yake alicheza kinyozi mmoja. Dakika za mwisho winga wa Kilbride alimpita kinyozi huyo pembeni kama mtu anayepita nguzo, akagusisha mpira chini nyuma ya mstari, trai, na Kilbride wakachukua kombe. Mwaka uliofuata Wal aliumia goti kazini na hakucheza tena.

Na Wal hakuwa mtu baki. Alikuwa rafiki yake. Waliogelea pamoja kwenye kijito hichohicho kila mmoja akitokea ukingo wake, na Wal ndiye aliyemsimamia Horrie siku ya harusi yake. Tangu ile Alhamisi hawakuongea. Miaka ishirini walipanda tramu ileile ya saa moja asubuhi, Wal benchi la kushoto, Horrie benchi la kulia, kila mmoja akisoma gazeti lake. Mke wa Horrie alipofariki, Wal alikuja mazikoni akasimama getini na kofia mkononi mpaka mwisho, kisha akaondoka.

"Sikiliza," Ivy alisema. "Anayejua ni wewe na mimi na kuku. Kuku sina wasiwasi nao."

"Jumamosi natia sahihi, Ivy."

"Basi tia."

"Nikitia, nitakuwa nimesema uongo kwa maneno niliyoyaandika mwenyewe, na kumdhulumu mtu yuleyule mara ya pili."

"Wal Ferrier hachezi Jumamosi. Anacheza Kel."

Horrie alijua alichotaka kusema lakini hakikumtoka vizuri, naye hakuzoea kusema yasiyotoka vizuri. Ndipo Kel alitokea pembeni ya nyumba akitoka kazini, soksi zimeshuka, barua mkononi.

"Mzee Pascall. Leo umepita nyuma? Kuna msiba?"

"Kaa chini, kijana."

"Ngoja kwanza nikwambie. Baba anakuja. Amepanda treni leo asubuhi, atafika Alhamisi. Hajawahi kuniona nikicheza, hata mara moja. Siku zote kuna kondoo." Aliikunja barua vizuri akaitia mfukoni mwa shati. "Amenunua kofia mpya, anasema. Baba yangu, kofia mpya. Sijui kama nitamtambua."

Ivy alimtazama Horrie kwa jicho ambalo wanawake wa Kilbride huwawekea waamuzi. Lakini Horrie alikuwa Horrie, akamweleza kijana yote, kijito na barabara na kitabu. Kel alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Alipomaliza, Kel alisugua kidevu chake, akatazama maboga.

"Kama hairuhusiwi, hairuhusiwi, mzee," akasema. "Nitakaa na baba nje ya kamba. Na yeye hajawahi kuona fainali."

Afadhali angegombana. Horrie alisahau jezi akaenda zake.

Asubuhi ya Jumatano tramu ilikuja na upepo mkavu wa magharibi nyuma yake. Wal Ferrier alikuwa benchi la kushoto, mguu mbovu umenyooshwa. Alikuwa msimamizi wa mifereji wa halmashauri na mjumbe wa kamati ya Stannard, mwanamume mkubwa aliyeanza kulegea kama koti la zamani. Horrie alipanda, akatazama benchi lake la kulia, akalipita.

"Hapa pana mtu?" akauliza.

Wal alitazama nafasi iliyokuwa wazi tangu 1934. "Sijamwona bado," akasema.

Horrie akakaa. Tramu ilipita vituo viwili.

"Nyumba ya Ivy Lutze iko upande wenu," Horrie alisema.

"Najua."

"Unajua?"

"Huo mfereji nimeuchimba mimi, Pascall. Ulidhani nani, malaika?" Wal alikunja gazeti. "Januari nilisimama katikati ya barabara ile, nikaiangalia nyumba, nikaliangalia bomba, nikacheka peke yangu mpaka wenzangu wakaniletea maji, walidhani jua limeniingia kichwani."

"Na hukusema."

"Niliandika barua ya malalamiko kwa ligi. Barua safi, ungeisoma ungetoa machozi. Nikasema siipeleki sasa. Nitaipeleka wiki ya fainali, mkifika, siku ya Alhamisi, kama rafiki yangu mmoja alivyonifanyia."

"Kesho ni Alhamisi."

"Kalenda ninayo nyumbani." Wal alitazama nje dirishani. "Nilifanya kosa moja. Mei nilikwenda kumtazama kijana mwenyewe, nijue namshtaki nani. Wewe, yule ni beki wa mwisho. Anasimama vibaya kidogo, anaingia sana ndani, katikati ya uwanja, hakuna aliyemfundisha. Lakini ile mikono. Nikaenda tena Juni. Nikaenda tena. Mke wangu akadhani nina mwanamke Kilbride."

Horrie alifungua mdomo kusema neno alilokuwa amelibeba miaka ishirini, na kondakta akaja kudai tiketi, na alipoondoka neno lilikuwa limerudi chini kabisa.

"Leo mchana nakwenda ofisi ya ligi kumwondoa," akasema badala yake. "Nimekuja kukwambia wewe kwanza. Nimeona ni haki yako usikie kutoka kwangu."

"Umwondoe ili iweje?"

"Siwezi kutia sahihi, Wal. Maji hayapiti pale."

"Wewe na maji yako." Wal alicheka kidogo, kisha akaacha. Kwa vituo vitatu alisugua goti. "Sikia. Kule juu, kijito kinapoingia bombani, kuna lango la chuma. Bomba linatakiwa kusafishwa kila miezi sita, na lilitakiwa kusafishwa Julai. Siku naipanga mimi. Nikishusha lango, bomba linakauka, na maji yanarudi njia yake ya zamani, nyuma ya nyumba ya Ivy, mpaka nilifungue tena. Jumamosi ni siku nzuri, magari ni machache."

Horrie alimtazama. "Watu wa Stannard watakuchinja."

"Watu wa Stannard hawajui kijito kiko wapi. Hata wewe hukujua, na ndiye uliyewaandikia halmashauri barua ya shukrani. Tunayo ofisini. Tumeitia kwenye fremu."

"Kwa nini unafanya hivi?"

"Usiniulize mambo kama hayo asubuhi." Alisimama, kituo chake kilikuwa kimefika. "Gurudumu la lango lile ni zito, na goti langu unalijua. Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi. Utakuja kulizungusha wewe."

Jumamosi alfajiri Horrie alikwenda langoni na tai. Wal alimtazama, akatikisa kichwa. Gurudumu lilikuwa limeshika kutu, likagoma, kisha likakubali kwa kelele ya kuwaamsha watu wa tarafa mbili. Horrie alizungusha mpaka jasho likamtoka kwenye ukosi, na Wal akamhesabia raundi akiwa ameketi juu ya ndoo. Lango liliposhuka, maji yalijaa, yakasitasita kama mgeni asiyejua mlango, kisha yakaukumbuka upande wa kushoto.

Hayakwenda kwa kasi. Mbele kabisa yalikuwa ulimi mdogo tu wa maji ya kahawia, ukisukuma majani makavu na kopo moja la samaki na mpira wa tenisi ulioota ukungu, nao wazee wawili wakatembea ukingoni sambamba nao, mmoja akichechemea na mwingine akingoja. Ulipokwama kwenye nyasi, Wal aliufungulia njia kwa fimbo. Walipita pale walipokuwa wakivua nguo na kuzificha utotoni. Jiwe la kurukia lilikuwepo bado. Ilionekana limekuwa dogo.

"Pale ulinisukuma," Horrie alisema.

"Uliteleza."

"Ulinisukuma, bwana. Nilikuwa nimevaa viatu vya kanisani."

Ivy alikuwa ameambiwa tangu Alhamisi, lakini hakuamini mpaka aliposikia kelele ya gurudumu. Walimkuta shimoni, sketi imepandishwa magotini, akimrushia maboga mzee mmoja mwembamba mwenye kofia mpya, aliyeyapokea kwa adabu na kuyapanga kwenye nyasi kufuata ukubwa. Kel alikuwa anakimbizana na kuku wa mwisho. Maji yalifika, yakamlamba Ivy kwenye vifundo vya miguu.

"Walter Ferrier," Ivy alisema, "umekuja kunizamishia maboga."

"Nimekurudishia kijito chako, Ivy. Tia sahihi hapa kwamba umekipokea."

"Miezi minane nimeyalea maboga haya. Mtayala yote, nyinyi wawili, hata mkae hapa mpaka Krismasi."

Horrie alitoa karatasi ya timu mfukoni. Alisubiri. Alisubiri mpaka maji yalipogusa kingo zote mbili na kuanza kwenda yenyewe bila kusukuma kitu, kisha akachagua boga lililokuwa bapa kidogo, akaweka karatasi juu yake, akatia sahihi. Mzee wa kofia mpya alimuuliza Kel kwa sauti ya chini kama mambo ya mjini ndivyo yalivyo siku zote, na Kel akamjibu kwamba ni wiki ya fainali tu.

Wakati wa kwenda kunawa, Horrie alipanda ngazi za jikoni. Hakuna aliyemwambia.

Uwanjani walikuwepo watu elfu kumi na nane, nusu yao na machungwa mkononi na nusu wakiwa wamepanda juu ya kitu. Wal hakuwa amekanyaga uwanja wa fainali tangu ile ya 1934. Alisema atakaa nyumbani asikilize redio. Lakini timu zilipotoka alikuwa nje ya kamba, kwenye pembe ya upande wa mto, mahali palepale aliposimama mwaka ule, na Horrie hakukaa jukwaani na viongozi bali alisimama kando yake na kofia yake mkononi kwa sababu ya upepo. Watu wa Kilbride waliwaona, wakanong'ona. Watu wa Stannard walikuwa na adabu ndogo zaidi.

"Ferrier, umepotea? Wenzako wako huku," mmoja alipaza sauti.

"Nimekuja kumchunga," Wal alijibu. "Asije akahamisha mto."

Ilikuwa mechi ngumu, ya skramu kulalia skramu, mafowadi wakisukumana vichwa, vumbi likiruka, na pua za watu zikibadilika umbo. Stannard walikuwa wazito. Kilbride walikuwa na Kel. Kila mpira waliompigia juu aliuchukua, na kila alipouchukua baba yake, ng'ambo ya uwanja, alivua kofia na kuivaa tena, ndiyo shangwe aliyoijua. Zilipobaki dakika mbili Kilbride walikuwa mbele, kumi na mbili kwa kumi. Trai moja ya Stannard, pointi tatu, na mambo yangekwisha.

Mpira ukatoka kwenye skramu, ukapita mkono kwa mkono, ukamfikia winga wa Stannard, kijana mwenye mbio za ajabu, na mbele yake hakukuwa na mtu isipokuwa Kel. Alikuwa anakuja kwenye pembe ile ile waliposimama wazee. Kel alikuwa ameingia ndani mno.

"Toka nje," Wal alisema.

Hakusema kwa sauti. Horrie ndiye aliyemsikia. Alipogeuka aliona mikono ya Wal imeishika kamba, na mguu wake, ule mbovu, umeanza kusogea kulia.

"Toka nje, mwanangu. Mwachie upande wa ndani. Mfungie mstari, usimwangalie usoni, tazama kiuno. Subiri. Subiri. Sasa."

Kel alitoka nje. Asingeweza kusikia, kelele zilikuwa za watu elfu kumi na nane, lakini alitoka nje hatua tatu, akaukata mstari, akamfuata winga kiunoni kwa bega, na wote wawili wakaruka juu ya chokaa wakaangukia kwenye kamba, kwenye miguu ya Wal, mpira ukidunda mbali nje. Mwamuzi akapuliza kipenga cha mwisho. Nusu ya uwanja ikapiga yowe na nusu ikakaa kimya. Wal Ferrier wa Stannard alikuwa ameinua mikono yote miwili.

Aliishusha polepole alipoona imeinuka. Timu yake ilikuwa imepoteza kombe. Alikuwa akipumua kama mtu aliyekimbia, na macho yake yalikuwa yamejaa machozi, naye hakuyaficha.

"Ningemkamata pale," akasema. "Palepale."

Horrie alimtazama. Kombe la 1934 lilikuwa kwenye kabati la kioo klabuni, yeye ndiye aliyelifuta vumbi kila Jumatatu kwa miaka ishirini, na kila alipolifuta alimwona kinyozi yule akipitwa.

"Ungemkamata," akasema. "Na wa mwaka ule ungemkamata, Wal. Nilijua tangu ile Alhamisi. Ndiyo maana nilikuondoa. Si kwa ajili ya maji. Nilijua ukicheza hatushindi, na nilikufanyia ubaya, na sikuwahi kukwambia."

Watu walikuwa wanaruka kamba na kukimbilia uwanjani, wakiwagonga mabega wazee hawa wawili bila kuwatazama. Kel alikuwa amebebwa juu, akigeuza shingo huku na huku kutafuta kofia mpya. Wal alitoa leso, akajifuta uso, akaikunja mara nne na kuirudisha.

"Nilikuwa nangoja uniambie hilo," akasema. "Ungeniambia mapema, ile barua nisingeiandika." Kisha akatazama saa yake. "Twende tukafungue lango kabla giza halijaingia. Na uvue hiyo tai, nakuomba. Unanitia aibu mbele ya kijito."

Horrie aliivua. Walitoka kupitia geti la nyuma, lile la wabeba machela, kwa sababu lilikuwa karibu zaidi kwa mtu mwenye goti bovu.